Kuandikwa Vitani: Hesabu ya Watu na Majina Yao

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi la reli)



Katibu ameniomba niseme juu ya kuandikwa jeshini kwa nguvu. Wengine mtauliza, hiyo ni habari gani ya chama? Leo jeshi la Kenya ni la hiari, na siku ya kuchukua makuruta vijana hujaa uwanjani tangu alfajiri. Lakini wengi wa watu waliokamatwa kwa ajili ya vita katika nchi hii hawakukamatwa ili wapige bunduki. Walikamatwa wafanye kazi. Kwa hiyo habari ni yetu.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza walipigana na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Reli haikufika kila mahali, wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, na motokaa zilikwama matopeni. Chakula na risasi vikabebwa kichwani. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwachukua wachukuzi kwa lazima. Mshahara nao ukashushwa mpaka rupia 5 kwa mwezi. Mtu wa hiari hupatana bei; huyu angepatana na nani?

Balaa kubwa ilikuja mwaka 1917. John Ainsworth alipewa kazi ya kutafuta watu, na kwa miezi michache wakakusanywa zaidi ya 100,000. D.C. aliletewa hesabu tu, si majina. Akaigawa hesabu kwa machifu, nao machifu wakatuma watu wao kuzunguka nyumba usiku. Aliyeshikwa ni yule asiye na jamaa wenye nguvu, au aliyegombana na chifu. Wengine walikimbilia mashamba ya walowezi, maana aliyekuwa kazini kwa mlowezi aliachwa. Basi mlowezi akapata vibarua bila kuongeza senti.

Huko Uingereza kwenyewe kulazimishwa kulianza mwaka 1916. Lakini kule mtu aliitwa kwa jina na umri wake, na kulikuwa na baraza la kusikiliza udhuru: mgonjwa, mwenye kutegemewa nyumbani, hata anayekataa vita kwa dhamiri. Wafanyakazi wengi wa reli waliachwa kazini. Sisemi mabaraza yale yalikuwa na huruma, mara nyingi hayakuwa nayo. Lakini mlango wa kubisha hodi ulikuwapo. Mchukuzi wa Nyanza au Ukambani angebisha wapi?

Wachukuzi wa Kenya waliokufa walipita 40,000. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, si risasi. Walipewa namba na kibati cha kuvaa, lakini vita vilipokwisha mishahara ya wengi wa marehemu ilibaki bila kulipwa, kwa kuwa wenyewe na jamaa zao hawakupatikana katika maandishi. Oscar Watkins, Mzungu aliyewasimamia wachukuzi, alidai miaka mingi kwamba fedha hizo ni haki ya watu wa nchi. London ikakataa. Mkipita mtaa wa Kariokor hapa Nairobi, jina lile ni la kikosi chao.

Sasa sikilizeni. Serikali ile ile iliyoshindwa kumwona mjane ili alipwe, iliweza kumwandika kila mwanamume Mwafrika tangu miaka 16. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikangoja vita viishe, kisha ikaanza kutumika mwaka 1919 na 1920. Alama za vidole, jina la tajiri na mshahara wako, vyote viliandikwa, navyo vikavaliwa shingoni ndani ya kikopo. Tajiri asipotia sahihi ya kukuachisha, hupati kazi kwingine. Ukiondoka, u mtoro, nawe hufuatwa mpaka kwenu. Harry Thuku alikipinga kipande, akakamatwa mwaka 1922, na watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi Nairobi. Kipande kikadumu mpaka sheria ya mwaka 1947 ilipoamuru kuandikishwa kwa watu wa rangi zote.

Vita vya pili vilileta jambo baya zaidi kwa fikira zangu. Tangu mwaka 1942 watu waliandikwa kwa nguvu wakapelekwa mashambani kwa walowezi, pamoja na mashamba ya mkonge. Mchukuzi wa 1917 alibeba mzigo wa jeshi. Huyu alikata mkonge wa mtu, na faida ikaingia mfukoni mwa mtu huyo.

Uko mkataba wa kazi ya kulazimishwa, namba 29 wa mwaka 1930, wa Shirika la Kazi la Dunia. Kenya imefungwa nao tangu mwaka 1964. Unaruhusu utumishi wa lazima wa jeshi, lakini kwa kazi iliyo ya kijeshi tupu. Neno “tupu” mlishike. Sheria yoyote ya kuandikisha vijana ikiletwa siku moja, kamati ianze kwa kuuliza: watafanya kazi gani, ya nani, kwa mshahara gani, na nani atatunza daftari la majina yao?

Mwanachama aliye na kibati cha babu yake, au karatasi yoyote ya uchukuzi au ya kipande, amwone katibu Jumamosi. Tutanakili jina na namba, naye atarudi na kitu chake.