"Courteous": Uungwana wa Vitendo

Leo tuna neno moja la Kiingereza kwa mlioko ughaibuni: "courteous". Utalikuta kwenye matangazo ya kazi za hoteli, udereva na kuhudumia wazee.

Tuanze na matamshi. Herufi zake zinakuvuta useme "kotias". Sema "KAA-ti-as", mkazo uwe mwanzoni.

Maana yake ni muungwana, mtu anayewaheshimu wenzake na kuwajali. Linakaribiana na "polite", ila "polite" mara nyingi hutoshelezwa na tafadhali, asante na samahani. Kwa "courteous" watu hutazama pia unavyotenda.

Chukua mtaa mwembamba wa London, magari yameegeshwa pande zote mbili. Madereva wawili wanakutana uso kwa uso. Mmoja anajibana penye upenyo, anampisha mwenzake. Mwenzake akipita anainua mkono. Hakuna aliyefungua kinywa, na wote wawili wamekuwa "courteous".

Neno limetoka mbali. Kilatini kilikuwa na "cohors", ua uliozungushiwa uzio. Katika Kifaransa cha kale likawa "cort", makao ya mfalme na watu wake, na aliyejua mwenendo wa huko akaitwa "corteis". Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na kufikia karne ya 13 neno hili lilikuwa limeingia katika Kiingereza. Hata "curtsy", ile heshima ya wanawake kukunja magoti mbele ya mfalme, ni kifupi cha "courtesy", nomino ya "courteous". Sifa ya watu wa ikulu leo inatarajiwa kwa dereva wa basi sawa na kwa waziri.

Jambo moja nalisisitiza: kuwa "courteous" si kukubali kila kitu. Msimamizi akikuomba zamu ya Jumamosi nawe huwezi, mwambie mapema: "Thank you for asking, but I can't work on Saturday." Umeshukuru, umejibu wazi, na umempa muda wa kutafuta mtu mwingine. Kunyamaza kwa haya, kisha usitokee, ndiko kumkosea heshima.

Kwa kuwa sifa hii huonekana kwa vitendo, kwenye usaili wa kazi usiishie kusema "I am courteous". Simulia siku mteja alipokuja amekasirika, ukamsikiliza hadi mwisho, ukamtatulia shida yake. Wanaokusaili watajionea wenyewe kwamba sifa hiyo unayo.