Mtumishi Apelekwaye Ng'ambo na Shule ya Watoto Wake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Mimi si mwalimu wala si mkaguzi wa shule. Ni karani wa hesabu tu, niliyefanya kazi miaka minne katika ofisi ya nchi yetu mjini Geneva, kisha nikarudi. Haya nitakayoyasema sikuyapata vitabuni peke yake; mengine nimeyanunua kwa miaka ya mtoto wangu, na bei yake ilikuwa ghali. Bwana Katibu aliponiomba nizungumze nalikubali, kwa kuwa najua wapo kati yenu walio na barua ya uhamisho mfukoni. Barua ile yataja cheo, mshahara na tarehe ya safari, walakini shule ya watoto haimo.

Nilipopata barua yangu, nilikuwa na mwana wa kiume wa miaka 15, aliyemaliza Kidato cha Pili na kufaulu vema, na binti wa miaka 6 aliyekuwa hajaingia darasa la kwanza. Mimi na mama yao tulikaa usiku tukahesabu masanduku, nguo za baridi na vyombo vya kuachia jamaa. Habari ya shule tuliimaliza kwa neno moja: "Ulaya hapakosekani shule." Hilo ndilo lililokuwa kosa letu, wala simlaumu mtu mwingine.

Tulifika mwezi wa Januari. Kule mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Agosti, basi watoto wetu waliingia katikati ya safari ya wenzao. Shule za serikali za Geneva hazitozi ada, na mafundisho yake ni kwa Kifaransa. Shule za kimataifa zifundishazo kwa Kiingereza zipo, lakini ada yake kwa mtoto mmoja ni makumi ya maelfu ya faranga kwa mwaka. Nilipoiona hesabu ile mara ya kwanza, mimi karani wa hesabu, nilidhani mpiga chapa amekosea nukta.

Kwa hiyo wote wawili wakaenda shule ya serikali. Binti yangu, kabla ya mwaka kutimia, alikuwa mkalimani wetu sokoni. Lakini kaka yake aliwekwa katika darasa la kuwapokea wageni, ili ajifunze lugha kwanza. Kijana aliyekuwa akiwaeleza wenzake hesabu nyumbani sasa alikaa kimya kutwa, kwa kuwa hakuwa na maneno ya kujibia. Usiku mmoja aliniuliza, "Baba, hivi mimi nimekuwa mjinga?" Mabwana, sikuwa na jibu. Baada ya mwaka mmoja na nusu nikamrudisha kwa baba yake mdogo, akaingia shule ya bweni, Kidato cha Tatu, pamoja na watoto aliowapita umri. Leo ni mtu mzima mwenye kazi yake, namshukuru Mungu. Lakini miaka ile haikurudi.

Basi kutokana na hayo nawawekea mbele mambo matano.

La kwanza ni umri. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto mdogo huingia katika lugha mpya kama aingiavyo katika mchezo. Aliyekaribia mtihani mkubwa hana nafasi hiyo, kwa maana yampasa ajifunze lugha na masomo kwa wakati mmoja, na saa ya mtihani haimngoji. Mwenye mtoto wa Kidato cha Tatu au cha Nne na afikiri sana kabla ya kumbadilishia lugha ya masomo. Pengine ni heri abaki kwa jamaa mwaminifu, au bweni, hata amalize. Kumwacha mtoto si kumtupa, mradi yeye mwenyewe aulizwe na aelezwe sababu.

La pili ni lugha ya kituo. Msidhani shida hii ni ya Ulaya tu. Apelekwaye Nairobi au Kampala atakuta masomo ya sekondari kwa Kiingereza, kama kwetu. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kishike mahali pa Kifaransa katika kufundishia. Lakini huko Bujumbura na Kinshasa, Kifaransa ndicho lugha ya madarasa ya juu. Tena jina la darasa halitoshi kuwa kipimo. Kenya iliyokuwa na miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu tangu 1985, ilianza mwaka 2017 kuingia katika mpango wa miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya juu. Nasi Tanzania, Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeamua shule ya msingi iwe ya miaka 6 badala ya 7. Hapo zamani nchi zetu tatu zilikuwa na Baraza moja la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza letu wenyewe likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Leo kila nchi ina kipimo chake, na mzazi avukaye mpaka hana budi kulinganisha masomo yenyewe.

La tatu ni aina ya shule. Zipo shule za wenyeji na zipo za kimataifa. Hizi za pili zilizaliwa na shida yetu hii hii. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilianzishwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi la Kimataifa. Mwaka 1968, katika mji uo huo, likaundwa shirika la mtihani ujulikanao kwa herufi IB, ili kijana ahamaye nchi awe na cheti kinachotambulika katika vyuo vya nchi nyingi. Hata kwetu, Moshi ilipata shule ya kimataifa mwaka 1969. Shule hizi zamfaa mtoto ambaye wazazi wake watahamishwa tena na tena. Lakini ajuaye kuwa atarudi nyumbani baada ya miaka michache, na mtoto wake ni mdogo, asione haya kumpeleka shule ya wenyeji. Humo atapata lugha, na rafiki wa mtaani.

La nne ni fedha. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni, na majibu yawe kwa maandishi: Je, mwajiri atalipa ada? Sehemu gani? Kwa watoto wangapi, na hadi umri gani? Atamsaidia pia mtoto aliyeachwa bweni nyumbani? Gari la shule, chakula na ada ya mtihani zimo au hazimo? Neno la mdomo halina faili, nanyi makarani mwalijua hilo kuliko watu wote. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu.

La tano ni kurudi, nalo ndilo husahauliwa kuliko yote. Aliyesoma sekondari ng'ambo akitaka kuendelea hapa, vyeti vyake hupelekwa kwa Baraza la Mitihani vipate kulinganishwa na vyetu. Kwa hiyo tunzeni kila ripoti, kila cheti na kila muhtasari wa masomo, na zilizo katika lugha ngeni zitafutieni tafsiri rasmi mngali huko. Mwendapo, chukueni cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, na barua ya mwalimu mkuu.

Na chukueni vitabu vya Kiswahili. Hapa narudi kwa binti yangu. Nyumbani tulisema naye Kiswahili kila siku, tukadhani yatosha. Mwaka wa tatu bibi yake alimwandikia barua, naye akajibu kwa mkono wake mwenyewe kwamba amewaota kuku wa bibi. Lakini neno kuku aliliandika kwa namna ya Kifaransa, k-o-u-k-o-u. Nasikia bibi alicheka, kisha akanyamaza, akamwuliza mwanawe mdogo, "Huyu atarudi kweli?" Habari hiyo iliponifikia nilishtuka. Tulikuwa tumemwachia ulimi, tukamnyima kalamu. Tangu siku ile mama yake alimfundisha nusu saa kila jioni kwa vitabu vya Taasisi ya Elimu, na aliporudi akiwa na miaka 10 aliweza kukaa darasani na wenzake bila haya. Vitabu hivyo leo vyapatikana hata katika maktaba ya Taasisi iliyo mtandaoni, hivyo hatuna udhuru.

Bwana Rais, nakaribia mwisho, nami nina ombi moja. Chama chetu kina daftari la michango na daftari la mazishi. Naomba tuwe na daftari la tatu, ambalo kila mwanachama arudiye kutoka nchi nyingine ataandika: mji aliokaa, lugha ya shule, mwezi waanzao masomo, gharama alizolipa, na lile ambalo angalitenda kwa namna nyingine. Mwenye barua ya uhamisho aje alisome kabla ya kujibu. Laiti ningalilikuta daftari kama hilo siku ile, mwanangu asingeniuliza swali lile usiku.

Mimi niko tayari kuandika ukurasa wa kwanza. Kwa wale walio karibu kusafiri, nawaombea safari njema na marejeo mema, wao na watoto wao.