Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Habari ya Gari Yetu na Karatasi Yake



Mweka hazina ameshawasomea hisa na mikopo, sitarudia. Mimi nimeombwa nieleze habari ya gari. Wengi mnaijua nusu. Leo nitaisema yote.

Mwaka 2017 tulikuwa tunakodi gari kupeleka machungwa Tanga, na faida inaishia kwa mwenye gari. Tukakubaliana tununue pikapu iliyotumika. Tulichanga shilingi milioni 17, na humo ndani mlikuwa na ada za watoto wa watu. Tukaenda Dar es Salaam watatu: mimi, katibu, na mweka hazina wa wakati ule. Kwenye yadi kijana alitupokea vizuri, soda tukanywa. Akasema, "Mama zangu, msiwe na wasiwasi, gari hii ina waranti ya miezi mitatu." Basi tulivyosikia miezi mitatu, mioyo ikatulia.

Akaleta karatasi ya Kiingereza, maandishi madogo kama sisimizi. Mimi nimeishia darasa la saba. Wenzangu wananitazama, na mimi ndiye mwenyekiti. Niliona haya kusema sielewi. Nikapitisha macho kama mtu anayesoma, nikasaini. Jambo hili sijalisema kikao chochote mpaka leo.

Mwezi wa tatu haujaisha, gia ikaanza kuchomoka yenyewe, gari imejaa machungwa. Nikapiga simu yadi. Nikajibiwa waranti imekwisha, kasome karatasi yako. Ndipo nikampelekea mwalimu mmoja jirani anisomee, usiku, watu wasione.

Kumbe ile miezi mitatu ilikuwa na mwenzake. Imeandikwa miezi mitatu au kilomita 5,000, kimojawapo kikitangulia. Sasa pigeni hesabu, akina mama. Muheza hadi Tanga kwenda na kurudi ni kilomita 70 na ushee. Gari yetu ilikwenda mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Kilomita 5,000 zinaisha kabla ya wiki ya sita kuisha! Gari ya kutembelea kanisani na sokoni ingefika miezi mitatu, ya mizigo haifiki. Tena siku zilianza kuhesabiwa tangu siku ya kusaini, na sisi tulisubiri kadi na namba siku 18, gari ikiwa imelala palepale yadi.

Halafu waranti yenyewe ilikuwa ya injini na giaboksi tu. Klachi, springi, umeme, matairi, hayo ni yako. Na oili ilitakiwa ibadilishwe kwenye gereji yao, kadi igongwe muhuri. Sisi tulibadilisha hapa Muheza kwa fundi wetu, na fundi hakukosea kitu. Lakini Dar ni zaidi ya kilomita 300, nani angeipeleka gari huko kwa ajili ya oili? Waranti ile ilikuwa nzuri kwa mtu anayekaa jirani na yadi.

Giaboksi ilitugharimu milioni 2 na laki 3. Wanachama wanne wakatoa hisa zao wakaondoka. Mama mmoja hapa, mtoto wake alichelewa kuripoti kidato cha tano mwezi mzima. Wote tulimlaumu yule kijana wa yadi, na mimi nililaumu kwa sauti kuliko wote. Mama huyo nimeshamwomba radhi nyumbani kwake, leo namwomba mbele yenu.

Baadaye kwenye semina tulielezwa kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ukimwambia mfanyabiashara wa vitu hivyo kwamba unataka gari ya kazi fulani, na ukategemea ujuzi wake, gari inapaswa iifae kazi hiyo. Ila kama uliikagua mwenyewe, ubovu ambao ungeuona kwa kukagua huwezi kuulalamikia. Na hiyo ni kwa mwenye biashara, siyo jirani anayeuza gari yake. Kwa jirani, mpeleke fundi kabla hujatoa senti tano.

Basi mwaka 2022 tulipotafuta gari ya pili tulikwenda na fundi wetu, nauli na chakula juu yetu. Akalala chini ya gari nusu saa nzima, muuzaji akaanza kununa. Tukamwambia ni ya machungwa, tani moja na nusu. Akasema inafaa. Tukamwambia: andika. Akasema neno lake linatosha. Tukabeba mikoba yetu. Hatujafika getini akatuita! Akaandika kwa Kiswahili, kwa mkono wake: miezi mitatu bila kuhesabu kilomita, kuanzia siku tutakayochukua gari, oili tubadilishe popote mradi tuna risiti. Katibu akasoma kwa sauti, neno kwa neno, halafu ndipo nikasaini. Bei hakupunguza hata shilingi, na sisi hatukubishana sana juu ya hiyo.

Gari yenyewe ndiyo ile mliyoiona imepambwa mlangoni. Karatasi zote mbili, ya 2017 na ya 2022, ziko kwenye sanduku la kikundi. Katibu atazipitisha sasa hivi mzione, na asiyeona vizuri amwombe jirani amsomee.