Kitabu ni cha Nani?



Askari akabidhiwapo bunduki hutia sahihi, na daftari la ghala huonyesha ni mali ya nani. Kitabu nacho hubeba nembo na jina la kampuni iliyokitoa. Lakini ni nadra kitabu kueleza nani anaimiliki kampuni hiyo, na hapo ndipo penye uamuzi. Historia ya kampuni ya Heinemann katika Afrika ya Mashariki yalidhihirisha jambo hili.

William Heinemann aliianzisha kampuni yake mjini London mwaka 1890. Mwaka 1958 ikatoa Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria. Mwaka 1962 upande wake wa vitabu vya shule, chini ya Alan Hill, ulianzisha mfululizo wa waandishi wa Afrika, na Achebe akawa mshauri wake hadi mwaka 1972. Katika miaka hiyo 10 vilitoka vitabu vipatavyo 100. Kalamu zilikuwa za Waafrika. Hazina na neno la mwisho vilikuwa London.

Mwaka 1972 Henry Chakava, kijana wa Kenya, aliingia katika tawi la Nairobi akiwa mhariri, na baadaye akawa mkuu wake. Chini ya tawi hilo kulizuka nembo nyingine, Spear Books, yaani Vitabu vya Mkuki, kwa ajili ya hadithi nyepesi za bei nafuu. Ndiyo iliyotoa, mwaka 1984, My Life in Crime, masimulizi ya John Kiriamiti, mnyang'anyi aliyeandika akiwa gerezani. 

Mwaka 1980 tawi hilo lilithubutu zaidi. Likatoa kwa lugha ya Kikuyu riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliianza kizuizini, Caitaani Mũtharabainĩ. Wako walioamini kwamba lugha ya kijiji haiuzi vitabu. Toleo la kwanza likaisha upesi, na mwaka 1982 wasomaji wa Kiswahili wakaipata kwa jina la Shetani Msalabani.

Wakati huohuo, kule London, kampuni mama ilikuwa ikipita mikononi mwa matajiri. Mwaka 1983 ilichukuliwa na BTR, kampuni ya viwanda. Mwaka 1985 ikawa ya Octopus. Mwaka 1987 ikawa ya Reed. Mabwana watatu katika miaka mitano! Hakuna hata uuzaji mmoja ulioamuliwa Nairobi. Nguo ya kuazima haisitiri. Wakenya walianza kununua hisa, na mwaka 1992 kampuni ikawa yao kabisa, ikaitwa East African Educational Publishers. Chakava alifariki dunia mwaka 2024, naye ameiacha kampuni hiyo mikononi mwa wenyeji.

Burundi ina fungu lake katika somo hili. Bujumbura imekuwa na mitambo ya kuchapa tangu zamani. Presses Lavigerie, matbaa ya wamisionari, ilitoa vitabu vya Kirundi. Lakini kuchapa si kuchapisha. Mwenye mtambo huweka wino juu ya karatasi. Mchapishaji ndiye anayeamua mswada upi utoke, kwa lugha gani na kwa bei gani. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mlango wa soko la Kiswahili umefunguka. Anayeingia mikono mitupu atabaki mnunuzi daima.

Mlinzi hodari haulizi tu nani yuko langoni, bali pia nani amemtuma. Basi askari amnunuliapo mwanawe kitabu, na aufungue ukurasa wa kwanza, asome jina la mchapishaji, kisha aulize swali hilohilo. Taifa lililozoea kuuliza hivyo halitakawia kuwa na wachapishaji wake lenyewe.