Malaria Inapopanda Kichwani: Madaktari Wanaonaje Ubongo?



Mtoto ana homa kali. Anapatwa na degedege, kisha haamki hata ukimwita jina. Jirani mmoja atasema ni pepo, mwingine atasema amerogwa. Madaktari wanasema: tuangalie ubongo. Lakini wataonaje bila kufungua kichwa? Kazi hiyo imefanyika hapa hapa Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre.

Njia ya kwanza ni jicho. Daktari humulika ndani ya jicho kwa kitaa chenye lenzi. Mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho inafanana na ile ya ubongo. Malaria ikiziba ile ya ubongo, dalili huonekana jichoni: mabaka meupe na vidoa vya damu.

Njia ya pili ni nyaya ndogo zinazobandikwa kichwani kupima umeme wa ubongo. Zimeonyesha kwamba mtoto anaweza kuwa bado kwenye degedege ingawa mwili umetulia, labda kidole tu kinachezacheza.

Njia ya tatu ni mashine ya MRI, iliyofika Blantyre mwaka 2008. Inapiga picha kwa nguvu ya sumaku. Ina kelele nyingi, lakini haiumizi, hainyonyi damu, wala haisomi mawazo ya mtu.

Picha hizo zilisaidia kujibu swali zito: kwa nini watoto wengine hufa hata wakipewa dawa nzuri? Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Kati ya watoto 168 waliopigwa picha, 25 walifariki. Katika hao 25, watoto 21 walifika hospitali ubongo ukiwa umevimba sana. Fuvu ni gumu, halitanuki. Ubongo ukivimba hukosa nafasi, hukandamiza sehemu inayoongoza kupumua, na pumzi hukatika.

Lakini sikia na hili, mzazi. Watoto 39 waliokuwa na uvimbe mkubwa kama huo walipona. Kwa hiyo usikate tamaa, na usichelewe.

Mtoto akipata degedege, mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku. Homa yoyote ipimwe mapema, kabla haijafika huko.

Na ukiombwa mtoto wako aingie katika utafiti, una haki ya kuuliza kwa lugha unayoielewa, na haki ya kukataa. Ukikataa, matibabu yake hayapaswi kusimamishwa.

Swali la kujadili na majirani: degedege likitokea usiku wa manane, nani katika mtaa wenu atasaidia kumbeba mtoto?