Vidonda Vinavyorudi na Jicho Jekundu
Ugonjwa wa Behçet, uliopewa jina la Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Uturuki aliyeueleza mwaka 1937, ni nadra, na hauambukizi. Kinga ya mwili, yaani nguvu inayopambana na vijidudu, huigeukia mishipa ya damu ya mwili wenyewe na kuzivimbisha kuta zake, hata damu ikaganda ndani au jicho likaharibika. Ugonjwa huu haufai kufichwa kwa aibu, kwani hauambukizi. Mwenye vidonda vya kinywani au sehemu za siri vinavyopona na kurudi, ambavyo ni dalili yake, aende kituo cha afya; jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, aende siku hiyohiyo.