Kutoka Pikipiki ya Mbio Hadi Pikipiki ya Kazi

Mwenyekiti ametuomba tuseme habari ya ile pikipiki. Wengi wenu mnaikumbuka. Ni ile nyekundu iliyokuwa ikipiga kelele kutoka Mwatate hadi huku juu Wundanyi, watoto wakikimbilia barabarani kuitazama. Leo hatukuja kuisifu. Tumekuja kusema ilivyotugharimu sisi na ilivyowagharimu ninyi, maana pesa zilikuwa za kikundi.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, mnatujua. Tunalala hapa juu na kazi yetu iko Voi. Mmoja yuko kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, mwingine anachomelea vyuma. Kwenda ni kama kilomita 40, kurudi vivyo hivyo. Zamani tulipanda matatu, nauli za watu wawili kila siku, na jioni ukichelewa kidogo unabaki stendi ukiomba Mungu. Basi mwezi wa tatu mwaka wa 2018 tukaja kwenu kuomba mkopo wa shilingi 150,000 tununue pikipiki ya kwendea kazini. Kamati ikauliza, "Pikipiki gani?" Tukajibu, "Ya Kijapani, imara sana." Huo haukuwa uongo. Lakini ukweli wote haukuwa humo. Mama yetu akatudhamini pamoja na jirani zetu wawili, na ng'ombe wa mama wa gredi akaandikwa kwenye kitabu cha mweka hazina.

Tuliongeza akiba yetu ya shilingi 130,000 tukashuka Mombasa. Huko yule mkubwa kati yetu alikuwa ameiona siku nyingi. Ilikuwa pikipiki ya mbio ya cc 600, iliyotumika, yenye silinda nne na rejeta ya maji kama gari. Injini kama hiyo ina nguvu za farasi karibu mia moja. Zile ndogo za bodaboda zina kama nane tu. Mtu akisikia hesabu hiyo anafikiri amepata faida. Na sisi tulifikiri hivyo.

Sasa hebu tuwaeleze kuipanda kulikuwaje. Pikipiki ya mbio imetengenezwa mtu alale juu ya tangi, miguu nyuma, mikono chini mbele. Ukiwa kwenye uwanja wa mashindano, upepo unakusaidia kukuinua kifua. Lakini ukishuka mlima kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, kona baada ya kona, mwendo wa 40, upepo haupo na uzito wote unakaa kwenye vifundo vya mikono. Tulifika kazini vidole vimekufa ganzi. Anayeketi nyuma alikuwa na kiti kidogo kama cha kuku, magoti yamefika kifuani. Gia ya kwanza peke yake inaweza kupita kilomita 100 kwa saa, na mjini sheria inasema 50. Kwa hiyo gia tano zilizobaki tulizibeba tu kama mzigo. Tena nguvu ya injini hizi hukaa juu, mpaka uivute sana ndipo inaamka. Pale Voi kwenye joto na msongamano, feni ya rejeta inanguruma na mapaja yanaungua.

Halafu kuna kile kipande cha murram cha kufika nyumbani. Tulikuwa tumekisahau kabisa tulipokuwa Mombasa! Plastiki za chini zilipasuka kwa mawe wiki ya pili. Tairi la nyuma la pikipiki hizi ni pana na laini, limetengenezwa kushika lami, si kukaa miaka. Letu lilikwisha mapema, na Voi halikuwepo. Likaagizwa Nairobi, na bei yake na usafiri wake vilimeza rejesho la miezi miwili. Petroli ilikuwa karibu lita tano kwa siku kwenda na kurudi, wakati lita moja ilikuwa shilingi mia moja na kitu. Yaani tulilipa kuliko nauli ya matatu, na bado tuna deni.

Hapa ndipo panapouma. Rejesho letu lilikuwa 11,000 kila mwezi kwa miezi 15, riba ikiwa ndani. Ilipofika Disemba tulipaswa kuwa tumelipa 99,000. Tulikuwa tumelipa 55,000. Mnakumbuka Disemba hiyo. Mgao haukutoka wote, na mama mmoja aliyekuwa akingoja fungu lake ili mtoto aingie kidato cha kwanza alikwenda kukopa kwingine kwa riba kubwa zaidi. Hakutusema. Alitusalimia tu njiani kama siku zote, na sisi tukiwa juu ya pikipiki nyekundu. Kamati ikaja nyumbani kumwangalia ng'ombe. Mama aliwakaribisha chai na maziwa ya ng'ombe huyohuyo. Jioni ile hakuna aliyekula kwetu.

Tuliiuza mwezi wa nne mwaka wa 2019, kwa kijana wa Mombasa, shilingi 190,000. Tukalipa kikundi 110,000 iliyobaki. Tukabaki na 80,000, tukaongeza 15,000, tukanunua Boxer ya cc 100 mpya. Tunasema hesabu hizi mbele yenu ili msisikie kwa watu.

Mnajua pikipiki hizi zilivyojaa nchini. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na ndipo bodaboda za injini zilipoenea kila kijiji. Lakini wazo la pikipiki nyepesi ya mtu wa kawaida ni la zamani. Honda walianza kuuza Super Cub mwaka wa 1958, na kufika mwaka wa 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100. Mwaka wa 1976 wakatoa CG125, wakiifikiria nchi ambazo mtu anaendesha na kuendesha bila kuangalia oili. Wale mafundi walimfikiria mtu kama sisi kuliko tulivyojifikiria wenyewe.

Aibu ilikuwepo, hatuwafichi. Siku ya kwanza vijana wa stendi walituuliza kama ile nyekundu imezaa. Tukacheka nao. Lakini hatari yenyewe haikuwa aibu. Hatari ilikuwa mikono yetu, maana mikono bado ilikuwa juu ya pikipiki kubwa.

Wiki hiyo ya kwanza, jioni, tukipanda mlima kutoka Mwatate, tulitaka kulipita matatu. Kwa ile kubwa ilikuwa kugeuza mkono tu na kuhesabu moja, mbili, umeshapita. Tukatoka. Boxer ikapiga kelele, tukafika ubavuni mwa matatu, na hapo ikaishiwa. Watu wawili, mlima, farasi nane. Kwenye kona likatokea lori linashuka. Hakuna nguvu ya kusonga mbele. Tukakamata breki turudi nyuma, na breki nazo si za diski, ni zile za viatu ndani ya gurudumu. Zinashika, lakini pole pole, zinataka uziombe mapema. Dereva wa matatu, Mungu ambariki, alibana kando kabisa. Lori likapita. Tulisimama chini ya mti, mdogo kati yetu akashuka akatembea kwa miguu kama nusu kilomita bila kusema neno.

Tangu siku hiyo tulijifundisha upya. Hatupiti gari ila tuone njia yote tutakayoitumia, na mlimani hatupiti kabisa. Tukishuka tunatia gia ya pili na kuiacha injini izuie, kwa sababu viatu vya breki vikibanwa mfululizo mlima mzima hupata moto na kulegea. Lori kubwa likija kati ya Mwatate na Voi tunapunguza kabla, maana pikipiki nyepesi husukumwa na upepo wake. Taa nayo ya pikipiki yetu hufuata injini: ukipunguza mwendo usiku, nayo inafifia, hasa pale unapotaka kuona. Na kipande kile tembo huvuka. Kwa hiyo tumebadilisha saa. Tunaondoka kukipambazuka, na jioni tukichelewa tunalala Voi kwa rafiki. Kofia ngumu na jaketi la kung'aa tunavaa wote wawili, na wa tatu hapandi hata akiwa mjomba. Hilo ni sheria, ingawa mnajua wenyewe tunavyobebana.

Petroli ni lita moja na nusu kwa siku. Cheni tunaikaza na kuipaka oili kila Jumamosi kwa spana zetu. Spea ziko Mwatate, ziko Voi, na hata hapa juu kwa fundi wa jua kali. Mkubwa kati yetu bado anaikumbuka ile nyekundu, hasa asubuhi ya ukungu barabara ikiwa tupu. Tusimcheke. Ilikuwa kitu kizuri kweli, ila si mahali pake. Lakini na hii ndogo ina raha ambayo hatukuitegemea. Unaivuta mpaka mwisho, gia zote nne unazitumia, unakaa wima, unaona mashamba ya mkonge na unasalimia watu, nao wanakujibu.

Kwa kamati za vikundi tuna ombi moja. Mtu akija na maneno ya "pikipiki ya Kijapani, imara", msikubali maneno. Mwambieni ailete, mumwite fundi aketi kwenye mkutano. Mwulizeni tairi lake linauzwa wapi na kwa bei gani, inakula lita ngapi mpaka kazini, na njia ya kwao ikoje mvua ikinyesha. Sisi tungeulizwa hilo la tairi tu, tungekosa jibu pale pale.

Yule mama wa kidato cha kwanza tulimrudia. Riba aliyotozwa kule alikokopa tumemlipa sisi, kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Ng'ombe bado yuko kwa mama.

Pikipiki yenyewe tumeiegesha pale nje chini ya mwembe. Anayetaka kujua breki za viatu zinakazwaje, aje tumwonyeshe kabla chai haijaiva.